Kufufua Honda CG125 iliyolala bandani: rangi iwe ya mwisho

Wanaonitumia picha za Honda CG125 waliyoikuta nyuma ya nyumba ya babu huwa na swali moja: nipige rangi gani? Na mimi huwauliza: gurudumu la nyuma linazunguka? Nimefanya kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge huku Tanga mpaka nikastaafu, na zimepita mikononi mwangu pikipiki zilizong'arishwa kama za harusi huku breki ya mbele haishiki hata kidogo. Rangi haimsimamishi mtu kwenye mteremko.

Haya ni kwa anayetaka kuifufua mwenyewe, uani kwake, kwa vifaa vya kawaida. Nimeichagua CG125 kwa sababu naijua mpaka ndani, na kwa sababu ni pikipiki ya zamani ambayo spea zake nyingi bado unaweza kuzipata kwenye duka la spea za bodaboda mtaani. Hilo la pili lina historia yake.

Honda walianza kuiuza mwaka 1976. Mwaka huohuo kiwanda chao cha Manaus, Brazil, kilianza kazi kwa kuunda pikipiki hiyohiyo. Waliikusudia kwa nchi ambako pikipiki inabeba gunia, inapita vumbi, na oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, hawakuiweka juu kwenye silinda hedi. Waliishusha chini, karibu na oili, na inazungushwa na gia badala ya cheni. Ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili, kupitia fimbo mbili nyembamba zinazopanda juu kusukuma roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea wala kidhibiti chake cha kuharibika. Wachina waliiga injini hiyo, na nyingi kati ya pikipiki za Kichina za cc 125 na 150 zilizojaa barabarani kwetu ni za ukoo huo. Ukifika dukani uliza kwanza: injini ya fimbo au ya cheni? Boxer na TVS si za ukoo huu, usikubali kuuziwa pistoni yake kwa maneno ya "inaingia tu hiyo, mzee".

Karatasi kabla ya spana

Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo, pale usukani unapopita. Namba ya injini iko chini kwenye bodi ya injini. Paka mafuta ya taa, sugua kwa burashi, zisome vizuri kisha uzilinganishe na kadi. Kama mwenyewe ni marehemu, familia imalize mirathi kwanza. Kama ilikuwa ya shirika au ya serikali na ikauzwa kwa mnada, tafuta hati ya mnada. Nenda TRA ukiwa bado hujanunua hata nati. Pikipiki nzuri isiyo na karatasi ni mapambo ya sebuleni.

Baada ya hapo piga picha kwa simu, kila upande, hasa waya na kebo zinavyopita. Kila bolti ukiitoa irudishe kwenye tundu lake baada ya kutoa kifaa, au iweke kwenye kopo lililoandikwa. Mpwa wangu, ambaye anaendesha boda, hukusanya kila kitu kwenye beseni moja halafu jioni tunakaa wote kuchambua kama mchele.

Skrubu za Kijapani

Sehemu hii wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu pikipiki nyingi kuliko kutu. Skrubu zinazofunga vifuniko vya injini zina kichwa cha msalaba, lakini si msalaba ule wa bisibisi ya nyota iliyozoeleka. Kipimo chake ni cha Kijapani, JIS, na mara nyingi utaona kitone kidogo kwenye kichwa. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai mpaka chini. Ukizungusha kwa nguvu inapanda juu na kula kichwa. Ukiisikia inaruka mara ya kwanza, acha.

Tafuta bisibisi ya JIS, na kwa zile zilizoshika tumia bisibisi ya kugonga: unaiweka kwenye skrubu, unaigonga kwa nyundo nyuma, nayo inajizungusha kidogo kwa kila pigo. Kabla ya hapo gonga kichwa cha skrubu mara mbili tatu kwa fimbo ya shaba ili ile kutu nyeupe ya aluminiamu iliyoshika uzi ivunjike. Ikikataa, pasha moto kifuniko kandokando ya skrubu. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma na uzi utaachia. Wakati wa kufunga weka bolti za alenki na grisi kidogo kwenye uzi. Anayetaka uhalisia wa kila skrubu atanung'unika, mimi nataka kifuniko kifunguke tena mwaka kesho.

Injini iliyoshika

Usipige kiki bado. Injini iliyokaa miaka mingi kwenye hewa ya bahari huwa imeshika. Unyevu umeingia kupitia valvu iliyobaki wazi na ringi zimegandana na ukuta wa silinda. Ukipanda juu ya kiki na kuruka kwa uzito wako wote, kitakachoachia kwanza ni meno ya gia ya kiki. Kuyafikia meno hayo ni kazi kubwa kuliko hii unayoikimbia.

Toa plagi. Mimina vijiko viwili vya ATF, ile oili nyekundu ya gia za gari otomatiki, iliyochanganywa na thina kidogo. Ukikosa, dizeli inafaa, ila itachelewa. Ziba tundu kwa kitambaa uiache siku kadhaa, kila jioni ongeza kidogo. Halafu ingiza gia ya juu kabisa, shika tairi la nyuma, lisukume mbele na nyuma taratibu bila kulazimisha. Unatafuta mtikisiko mdogo tu. Ukiupata, kazi imeanza. Endelea mbele na nyuma mpaka ikubali mzunguko mzima. Ikigoma kabisa, fungua hedi, weka kipande cha mti mgumu juu ya pistoni, gonga kwa nyundo ya mpira.

Dawa ikiwa inalowa, usikae bure. Nenda kwenye magurudumu.

Breki, magurudumu na usukani

CG za zamani zina breki za ngoma mbele na nyuma. Ukifungua utakuta vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo, wala kwa kompresa. Breki shuu nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto, na vumbi lake linaua mapafu polepole. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, funga kitambaa kwenye mfuko ukitupe. Nasema hili kwa sababu nimewaona vijana wakijipulizia puani wakicheka.

Ubao wa breki ukibaki chini ya milimita 2, badilisha. Ukiwa mnene lakini unang'aa kama kioo, usugue na msasa mpaka ung'aro uondoke. Kile kijiti bapa kinachozisukuma breki shuu kitoe, kisafishe, kipake grisi kidogo sana, maana grisi ikizidi itayeyuka na kuingia kwenye breki. Kijiti hicho kikiwa kizito, breki inabaki imeshika hata ukiachia mkono, na watu hulaumu springi. Ngoma yenyewe ikiwa na mifereji inayokwaruza kucha, ipeleke kwa fundi wa kukereza.

Beringi za magurudumu zizungushe kwa kidole. Ikikwaruza, itoe. Namba imeandikwa ubavuni, na duka la beringi litakuuzia kwa namba hiyo bila kuuliza ni ya pikipiki gani. Hapa usibane pesa.

Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu. Kutu mbaya ya rimu hujificha ndani, chini ya ule utepe wa mpira, kwa hiyo utepe lazima utoke. Rimu iliyoliwa mpaka inamomonyoka haina dawa.

Tairi liangalie tarehe. Yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 yana tarakimu nne ubavuni: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, tairi ni la karne iliyopita na linaondoka, hata kama kashata zake zimejaa. Mpira mkavu haushiki lami iliyolowa. Ukubwa usome kwenye tairi la zamani, kisha uulinganishe na kibandiko cha fremu kama bado kipo, kwa kuwa mwenye pikipiki kabla yako huenda alifunga alilolipata.

Usukani una gololi zisizofungwa, za juu na za chini. Tandika shuka chini kabla hujalegeza nati ya shingo, zihesabu zikitoka. Bakuli zake zikiwa na vishimo, gololi mpya peke yake hazisaidii. Utasikia usukani unajiweka katikati wenyewe, na hiyo si raha, ni hatari. Shokapu za mbele angalia kromu pale sili inapopita. Vidoti vya kutu hapo vitakata sili mpya mapema sana. Kidoti kimojamoja kinaweza kusuguliwa kwa jiwe la mafuta na kujazwa gundi ngumu, lakini mabomba yaliyoliwa eneo zima yabadilishwe.

Tanki na magadi

Chungulia ndani kwa tochi. Petroli iliyokauka inaacha utomvu wa kahawia, na chini yake kuna kutu. Wapo wanaotia kokoto na kutikisa mpaka mabega yaume. Mimi natumia umeme na magadi, yaleyale ya kulainishia maharage. Mke wangu ameniambia ninunue ya kwangu.

Kwanza osha tanki kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa mpaka harufu ya petroli iishe. Toa koki ya mafuta na uzibe tundu lake. Jaza maji, na kwa kila lita nne au tano weka kijiko kikubwa cha magadi yaliyoyeyushwa na kuchujwa. Chukua kipande cha nondo, kisugue kiwe cheupe, kining'inize katikati ya tanki kupitia mdomoni bila kugusa chuma popote. Mimi hukivalisha vipande vya mpira wa tyubu. Chaja ya betri ya volti 12, ile ya zamani isiyo na akili nyingi: chanya kwenye nondo, hasi kwenye tanki. Ukigeuza, utaila tanki badala ya nondo. Ampea mbili hadi tano zinatosha.

Ukiwasha utaona mapovu madogo yakipanda na baada ya muda povu la rangi ya chungwa mdomoni. Mapovu hayo yana haidrojeni, kwa hiyo kazi ifanyike nje, mbali na sigara na jiko la mkaa, na chaja izimwe ukutani kabla ya kugusa klipu. Nondo itapata ganda jeusi. Itoe, isugue, irudishe. Usiweke chuma cha pua mahali pa nondo, kinatoa kromiamu yenye sumu kwenye maji. Kutwa moja au mbili, na ndani patageuka kijivu cheusi ambacho maji ya kusuuza yanakitoa. Suuza, kausha kwa spiriti, na papo hapo zungusha oili kidogo ndani, maana chuma kitupu hapa Tanga kinaanza kushika kutu kabla hujamaliza kunywa chai.

Tanki lenye tundu usilipeleke kwa mchomeleaji likiwa kavu eti halinuki. Mvuke wa petroli hujificha kwenye mikunjo. Lijazwe maji mpaka karibu na tundu, au fundi akatae kazi.

Kabureta

Ifungue juu ya sinia jeupe. Jeti mbili, kubwa na ndogo, ndizo zinazoziba, hasa ndogo. Zitoe kwa bisibisi inayojaa mfereji wake, kwa sababu shaba nyeupe ni laini. Ziloweshe kwenye thina, pulizia, kisha zielekeze juani: lazima uone duara kamili la mwanga. Ukihitaji kuzibua, chomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma inapanua tundu, na tundu likipanuka pikipiki itakunywa petroli maisha yake yote. Skrubu ya hewa ifunge taratibu mpaka mwisho kisha uifungue mzunguko mmoja na nusu, utamalizia injini ikiwaka. Raba zote, mpya. Kabureta inapokaa kwenye injini kuna raba ya mviringo; ikiwa imekauka hewa inapenya hapo na injini haitatulia, utatafuta kosa kwenye umeme wiki nzima.

Ndani ya injini

Kama pistoni ilikuwa imeshika, fungua bloku hata kama sasa inazunguka. Hedi na bloku vinatoka injini ikiwa bado kwenye fremu, hauhitaji kuishusha. Fimbo mbili zinazosukuma roka ziwekee alama ili kila moja irudi mahali pake. Ziba mdomo wa chini kwa kitambaa safi kabla ya kutoa klipu ya pini ya pistoni, maana klipu hiyo hupenda kurukia humo.

Pitisha kucha ndani ya silinda. Alama inayoonekana lakini kucha haiisikii, isugue kwa msasa mwepesi uliolowa oili, kwa mizunguko ya mshazari. Kucha ikinasa, ni kubori. Kipenyo cha asili ni milimita 56.5, na pistoni za kuzidi zipo kwa hatua ya robo: 0.25, 0.50, 0.75, mpaka 1.00. Nunua pistoni kwanza, ndipo umpelekee fundi wa kubori pamoja na bloku, abori kwa kuipima hiyo pistoni yenyewe. Anayebori kwa kukisia kisha akakutuma ukatafute pistoni, mwage kwa heshima.

Hapa ndipo spea za bodaboda zinapoingia. Usichukue kwa jina la boksi. Nenda na pistoni ya zamani mfukoni pamoja na kipimo cha venia, upime kipenyo cha pini, urefu kutoka pini mpaka juu, na umbo la kichwa. Vikilingana, chukua. Sahani za klachi za ukoo huu huwa zinaingia bila ubishi, vivyo hivyo cheni, ambayo ni namba 428. Sproketi linganisha matundu ya bolti. Gasketi za Kichina nazitumia. Ambavyo sinunui kwa bei ya chini ni sili za oili, breki shuu, tyubu na beringi. Tanga tukikosa kitu tunaagiza Kariakoo kinakuja na basi, lakini mtumie muuzaji picha ya kifaa cha zamani kikiwa pembeni ya rula, si maelezo ya mdomo.

Ringi mpya ziingize kwenye silinda moja moja, zisawazishe kwa kuzisukuma na pistoni, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, milimita 0.15 hadi 0.35 ni salama. Valvu zisage kwa unga wake, kisha mimina petroli kwenye tundu la hedi na utazame upande wa pili: ikitoa jasho, rudia kusaga.

Sasa fungua kifuniko cha kulia, upande wa klachi. Honda hawakuweka chujio la karatasi kwenye injini hii. Kuna kikombe kinachozunguka pamoja na krankshafti. Uchafu unarushwa pembeni kwa nguvu ya mzunguko na kubaki humo. Fungua skrubu zake tatu na utakuta tope jeusi zito limeganda kama ugali wa jana. Likikwangue kwa kijiti cha mti, safisha kwa petroli, futa. Mafundi wengi hawajawahi kukifungua, na kikijaa, uchafu wote unapita kwenda kwenye krankshafti. Kuna pia wavu mdogo wa oili unaochomoka; usafishe nao. Hii ni saa moja ya kazi, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko rangi yote utakayopaka.

Ukilazimika kugusa gia za kamshafti, zina alama za nukta. Nukta zitazamane. Basi.

Tapeti, yaani mwanya kati ya roka na valvu: geuza sumaku ya kushoto kinyume cha saa mpaka alama ya T ilingane na alama ya bodi, roka zote mbili zikiwa huru. Injini ikiwa ya baridi, mwanya ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Roka zikiwa zimebana, pistoni iko kwenye mzunguko usio wake, zungusha mara moja zaidi.

Umeme

CG za mwanzo ni za volti 6 na zina platini, vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana. Zilizofuata zina CDI, kisanduku kinachotoa cheche bila platini, na volti 12. Tazama yako ipo upande gani kabla ya kununua hata balbu.

Platini zisafishe kwa msasa namba 600, kisha futa kwa karatasi yenye spiriti kwa sababu mafuta ya vidole yanatosha kuzuia cheche. Mwanya wake ni 0.3 hadi 0.4. Zinapaswa kuanza kuachana pale alama ya F inapolingana na alama ya bodi. Ziking'ata na kuungua haraka, kondensa imekufa.

Je, uhamie CDI? Kama una platini nzima na unatembea mchana mjini, ziache, zinatengenezeka kwa kipande cha msasa popote. Kama utatembea usiku, taa ya volti 6 ni mshumaa, na mimi ningehama bila kujiuliza. Lakini ukihama, unahama na ukoo mzima: sumaku, sahani ya koili, CDI, regyuleta, betri, balbu zote na honi. Kuchanganya nusu na nusu ndiko kunakoua balbu kila wiki. Vitu vya zamani vitie kwenye boksi, usivitupe.

Waya za Honda zinasomeka kwa rangi. Kijani ni esi, inarudi kwenye fremu. Nyekundu inatoka betri. Nyeusi inapata umeme swichi ikiwashwa. Bluu ni taa ya juu, nyeupe ya chini, kahawia ya nyuma. Rangi ya chungwa na bluu mpauko ni indiketa. Nusu ya matatizo ya umeme niliyowahi kuona yalikuwa esi: sehemu ambayo waya wa kijani unafungwa kwenye fremu imejaa kutu au rangi. Ikwangue ibaki chuma kitupu, funga, paka grisi juu. Na pale mtu alipounganisha waya kwa kusokota na gundi ya karatasi, kata, unganisha upya kwa lehemu.

Kung'arisha na kupaka rangi

Kutu ya juujuu kwenye kromu inatoka kwa karatasi ya foili ya jikoni iliyolowa maji, sugua kwa mkono. Vifuniko vya aluminiamu vina vanishi ya kiwandani iliyogeuka njano. Itoe kwanza kwa dawa ya kuondoa rangi, halafu msasa wa maji kuanzia 400 mpaka 1200. Baada ya hapo huku kwetu tuna bahati: singa za mkonge. Zikisukwa kuwa sahani na kufungwa kwenye drili pamoja na sabuni ya kung'arishia, zinakata mikwaruzo vizuri kuliko kitambaa. Viwanda vya nje hununua mkonge kwa kazi hiyohiyo. Malizia kwa kitambaa cha pamba.

Rangi ya tanki na vifuniko vya pembeni: angalia chini ya siti au ndani ya shingo la fremu, utakuta rangi ya asili isiyopigwa jua, na fundi wa kuchanganya rangi za magari ataifananisha. Toa rangi mpaka chuma, praima, puti pale penye bonde tu, msasa, rangi, vanishi inayostahimili petroli. Tanga unyevu ni adui. Ukipuliza masika, rangi inakauka na ukungu mweupe. Ngoja kaskazi, Januari au Februari, asubuhi umande ukishakauka na upepo haujaanza kuleta vumbi, na sakafu imwagiwe maji.

Kuwasha

Oili iwe ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA kwenye chupa. Klachi ya CG inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya utelezi inayoifanya klachi iteleze. Kipimo ni karibu lita moja, lakini kijiti cha kupimia ndiyo mwamuzi. Mimina vijiko vichache juu ya roka kabla ya kufunga kifuniko. Plagi ikiwa nje, piga kiki polepole mara nyingi ili oili ipande. Funga plagi mpya, mwanya 0.6 hadi 0.7, fungua koki, vuta choki, piga kiki ya kweli.

Moshi mweupe wa mwanzo ni oili uliyoimwaga mwenyewe, utaisha. Moshi wa bluu usioisha baada ya injini kupata moto ni ringi au sili za valvu. Ikilipuka kwenye kabureta, rudi kwenye ile alama ya F ya platini. Ikiwaka na kuzima baada ya dakika chache, legeza kifuniko cha tanki: kitundu cha hewa kimeziba na petroli haishuki.

Safari za kwanza ziwe fupi, barabara ya nyuma, bila abiria, na jaribu breki kwanza kwa mwendo wa kutembea. Usiishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu, ringi zinataka kupanda na kushuka. Kwenye kilomita 500 mwaga oili ingali moto, safisha wavu, kaza nati za hedi kwa mshazari injini ikiwa imepoa, pima tapeti upya, gonga spoku tena moja moja, na uangalie cheni: katikati ya upande wa chini icheze kama sentimita mbili, mtu akiwa amekaa kwenye siti.